Televisheni ya Sajini wa Makenke

Sajini mmoja wa kambi ya Makenke, karibu na mji wa Mbarara, alirejea kutoka Somalia akiwa na likizo ya siku kumi na nne na ahadi moja. Mwaka mzima alizungumza na mwanawe kwa simu tu, na kijana hakuomba ila televisheni nzuri, ili wacheze pamoja mpira wa kwenye mashine ya PlayStation 4. Walakini mama wa nyumba alikwisha zipangia fedha zile kazi nyingine: karo ya muhula na mabati ya nyumba ya kijijini.

Dukani Mbarara walionyeshwa televisheni mbili, ya inchi 43 na ya inchi 55. Maboksi yote mawili yaliandikwa herufi HDR. Sajini aliipenda ile kubwa, akataka kulipa papo hapo. Mkewe akamzuia. Yeye ni mwalimu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na huko yuko fundi Mkongo anayeaminika. Wakampigia simu.

Fundi alieleza kwamba HDR ni uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito katika picha moja, hata mchezaji aliyesimama kivulini asipotee. Mashine yao yaweza kutoa picha hiyo tangu mwaka 2016. Lakini herufi zile aghalabu humaanisha tu kwamba televisheni huipokea, si kwamba kioo chake kina nguvu ya kuionyesha. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Picha nyingi za HDR hutengenezwa kwa kipimo cha niti 1,000; kioo chenye niti 300 hakiwezi kuzitendea haki, na pengine huzifanya ziwe na giza kuliko picha za kawaida. Tena, kioo bora hutoa ngazi 1,024 za kila rangi ya msingi, ilhali cha kawaida hutoa 256.

Akaongeza kuwa katika mchezo kuchelewa ni kubaya kuliko giza. Televisheni inayojishughulisha kuipamba picha hukawia: kidole kimekwisha bonyeza, mpira haujapigwa. Dawa yake ni kuiweka katika hali ya michezo. Kuhusu kioo kibadilishacho picha mara 120 kwa sekunde, hicho chawafaa wenye PlayStation 5; kwa mashine yao ni gharama bure.

Biashara haigombi. Kesho yake walichukua mashine yao hadi dukani, wakaiunganisha kwa zote mbili. Ile kubwa ilikuwa hafifu kwenye giza, na ilichelewa hata katika hali ya michezo. Ndogo nayo haikuwa na HDR ya kweli, ila iliitika upesi. Wakainunua hiyo, wakaizima HDR kwenye mashine, na katika fedha zilizosalia karo ikalipwa. Mabati yatasubiri.

Basi familia za askari na polisi ziyakumbuke haya: mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yatazame kioo, si boksi.

Usiku ule sajini alifungwa mabao matatu kwa bila. Likizo ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.