Wafu Hawatoi Ushuhuda

Mwaka jana mama mmoja wa usharika wetu hapa Unguja alinifuata baada ya ibada. Alikuwa amegundulika ana saratani ya titi, na amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mkononi alishika chupa ya mitishamba.

"Baba Mchungaji, aliyeniuzia ameponya watu watano. Niombee tu, boti sipandi."

Nilikumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi. Nami, msomi wa theolojia, nilisimulia shuhuda za uponyaji madhabahuni bila kuuliza wangapi walikuwa hai baada ya mwaka. Shangazi yangu alinisikia, akaacha kliniki. Hata Loliondo hakufika. Alifariki nyumbani akisubiri nafasi ya gari. Kosa lile ni langu.

Tangu hapo nimejifunza kwamba wafu hawatoi ushuhuda. Watano waliopona husimama mbele yetu, waliozikwa hawahesabiwi. Basi tuulize: kati ya wagonjwa 100 wenye saratani kama yangu waliotumia dawa hii, wangapi wako hai baada ya miaka 5? Hospitali nayo haiponyi wote, lakini inapaswa kuhesabu hata wanaokufa.

Siyadharau majani. Dawa ya vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, ilitokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska. Liliaminiwa baada ya kupimwa.

Je, kuuliza ni kukosa imani? Katika Luka 17, Bwana Yesu aliwatuma wale wakoma kumi kwa makuhani, ambao kwa sheria ndio waliokagua ngozi. Yeye mwenyewe hakuogopa kazi yake ichunguzwe.

Nilimweleza mama yule habari za shangazi. Tuliomba, kisha mimi na mwanawe tukampeleka bandarini Malindi, tukavuka pamoja. Alimuuliza daktari swali lile lile. Daktari alimjibu kwa hesabu, bila kumwahidi kitu. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu nimemwelewa." Bado anatibiwa, nasi tunaendelea kumwombea kila Jumapili.