Mtoto Anasumbua? Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Fimbo

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo naomba tuweke mbegu na mbolea kando. Nyumba yenye mtoto anayesumbua haina utulivu wa kupanga hata palizi. Nimemwona mama akihudhuria shamba darasa huku mtoto kamfunga kanga kiunoni asitoroke, na watu wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wa kwangu alikuwa hivyo hivyo.

Mwanangu wa pili alipofika miaka mitatu na nusu alikuwa anauma wenzake. Ukimwita haitiki. Ukimnyima kitu anajitupa chini na kugonga kichwa ukutani. Chekechea alikaa wiki mbili, mwalimu akaniomba nimpumzishe kwanza akue. Mama mkwe akasema ni jeuri, fimbo itamnyoosha. Jirani akasema kuna mkono wa mtu, akatutajia mganga anayetaka mbuzi na laki moja na nusu. Pesa ilikuwepo, maana tulikuwa tumetoka kuuza alizeti, na mume wangu alikuwa tayari kwenda. Simlaumu. Mtu aliyechoka huingia mlango wowote ulio wazi.

Nilimwomba wiki moja tu. Nilimkumbusha kwamba hata viwavijeshi vamizi hatuvipulizii dawa kabla ya kuzunguka shamba, kufungua majani ya katikati na kuhesabu mimea iliyoliwa. Ukipuliza kwa hasira unapoteza dawa, na mdudu anabaki.

Nikachukua daftari, nikachora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya mtoto, tulichofanya sisi. Kila aliyekuwa nyumbani aliniambia alichoona nami nikaandika. Siku ya tano jambo likaanza kuonekana. Ugomvi mwingi ulitokea alipoitwa akiwa amegeuka, au penye kelele za watu wengi. Jioni, tukikaa naye uso kwa uso, alikuwa mtulivu. Na kwenye safu ya asubuhi kulikuwa na neno linalojirudia: usaha sikioni. Bibi yake alikuwa akiufuta kila siku, kwani hapa kwetu sikio la mtoto kutoa usaha linaonekana kama mafua tu.

Tulikwenda zahanati na lile daftari. Muuguzi alilisoma lote, akauliza usaha umetoka kwa muda gani. Alitueleza kuwa ukifikisha siku 14 hilo ni tatizo sugu, akatuandikia rufaa. Hospitali ya mkoa, daktari wa masikio, pua na koo alikuta ngoma za masikio yote mawili zimetoboka. Mtoto alikuwa anasikia kidogo sana. Tulichokiita jeuri kilikuwa ni mtoto asiyejua anaambiwa nini, anashtukia tu ananyang'anywa kitu au anavutwa mkono.

Alisafishwa, akapewa dawa ya matone, nasi tukaambiwa maji yasiingie masikioni. Tulikwenda mara tatu. Leo usaha umekauka na anasikia vizuri zaidi, ingawa si kama dada yake. Kuuma kumekwisha. Hasira bado zipo. Tunamgusa bega kwanza ndipo tunasema naye, na chekechea amerudi, anakaa mbele.

Sisemi kila mtoto mkorofi ana masikio mabovu. Mwingine ana usonji, mwingine kifafa. Mwingine aliugua malaria kali ikapanda kichwani, au alichelewa kulia alipozaliwa. Mwingine amefiwa, amehamishwa kwa ndugu, au anaona ugomvi wa wazazi. Na kwa sisi wa kilimo: viuatilifu vingi hushambulia mfumo wa fahamu wa mdudu, na vinaweza kudhuru wa mtoto pia. Visikae chumba cha kulala wala kwenye chupa za soda.

Fanya hivi:

1. Andika siku saba. Kama hujui kuandika, mwombe mwanafunzi wa nyumbani. Andika pia kilichotangulia, maana chanzo mara nyingi kimejificha hapo.

2. Simama nyuma yake akiwa hakuoni, mwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku tofauti. Hiki si kipimo cha daktari, ila ni habari ya kumpelekea.

3. Nenda zahanati na kadi ya kliniki na daftari. Kwa sera ya afya, mtoto chini ya miaka 5 hatozwi matibabu kwenye vituo vya serikali. Tenga nauli, na akiba kidogo endapo dawa haipo.

4. Ukiambiwa "atakua tu" na wewe unaona hali inazidi, omba rufaa kwa heshima. Muone pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina mabingwa wa watoto.

5. Sikio likitoa usaha, likaushe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala maji ya majani. Akivimba nyuma ya sikio, au akipata degedege, nenda siku hiyo hiyo. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa akiyasema naye asisubiri msimu uishe.

6. Ukihisi umechoka kiasi cha kumuumiza, mkabidhi kwa mtu unayemwamini, toka nje upumue. Namba 116 ni ya simu kwa ajili ya watoto, haina malipo, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.

Kuhusu fimbo: mtoto asiyesikia ukimchapa anajifunza kukuogopa tu, na kosa halijui. Kuhusu ile laki moja na nusu: ilitosha nauli za safari zote tatu na dawa, na iliyobaki tulinunulia magunia ya mavuno yaliyofuata.

Nawe muuza duka, mama akija kwako na mtoto anayepiga kelele, mhudumie haraka aondoke. Hiyo nayo ni msaada.

Makala ijayo tunarudi kwenye mahindi.