Kufundisha Ukombozi kwa Imla

Ndugu wanachuo, mkufunzi naye hukosea, na kosa lake huweza kuwafunza wengine. Nakusudia kuwasimulia kosa langu.

Katika mwaka wangu wa tatu chuoni nilipangiwa kufundisha fikra za wanamapinduzi wa Afrika waliopinga ukoloni. Nilimchagua Amilcar Cabral, mtaalamu wa kilimo aliyeshiriki kuunda chama cha PAIGC mwaka 1956 ili kuikomboa Guinea-Bissau na visiwa vya Cape Verde kutoka kwa Wareno.

Nilisoma maelezo, nao wakanakili. Niliwaeleza kwamba Wareno walijitapa kuleta ustaarabu, ilhali hadi mwaka 1961 sheria yao iliwagawa watu wa Guinea mafungu mawili: “wenyeji” na “waliostaarabika”. Aliyetaka kuhesabiwa katika fungu la pili ilimpasa kujua Kireno, na shule zilikuwa haba mno. Waliovuka hawakufika hata mtu 1 katika kila 100. Kwa Cabral, ukoloni haukumwingiza Mwafrika katika historia, bali ulimtoa katika historia yake mwenyewe.

Ubaoni niliandika kwamba Cabral aliuawa Bissau tarehe 20 Januari 1973. Kumbe aliuawa Conakry. Nilipokusanya madaftari, yote yalisema Bissau. Katika daftari moja neno Conakry lilikuwa limefutwa, na Bissau limeandikwa juu yake. Nilimwita mwenye daftari nikamwuliza sababu.

“Nilisoma Conakry kitabuni, Mwalimu,” akajibu kwa adabu, “lakini wewe ulisema Bissau.”

Jibu lile lilinichoma. Kasumba niliyokuwa nikiilaani kwa mdomo, nilikuwa nikiipanda kwa chaki. Mwanachuo alijua ukweli, akaufuta kwa kuniogopa.

Nikakumbuka mwenendo wa Cabral mwenyewe. Mwaka 1953, kabla ya kuongoza mapambano yoyote, alizunguka vijijini kufanya sensa ya kilimo, akajifunza maisha ya wakulima. Baadaye aliwaagiza wanachama wasiwafiche wananchi ukweli wala wasijisifu kwa ushindi rahisi. Tena alisisitiza kuwa adui ni ukoloni, si watu wa Ureno.

Kipindi kilichofuata nilianza kwa kusahihisha kosa langu ubaoni, na kulitaja kuwa ni langu. Kisha niliwagawa wanachuo katika vikundi vinne, kila kikundi kichague jambo moja la Magharibi la kukataliwa na jingine la kuchukuliwa, kwa hoja. Kikundi kimoja kilisema la kukataliwa kwanza ni desturi ya kunakili bila kuuliza. Sikuwa na la kuwapinga.

Ndugu wanachuo, mtakapokuwa mbele ya watoto, chunguzeni madaftari yao. Mkikuta sentensi zenu tu, msifurahi upesi. Tafuteni neno lililofutwa.