KAKA ANATAKA KUVUNJA, DADA ANATAKA HOTELI: NYUMBA YA MAMA MBANGALA YAZUA BALAA

Wadau, nyumba za urithi zinavunja undugu kuliko hata mapenzi. Hii ya leo imetokea Mbangala, kule Songwe, kwenye familia moja ambayo majina yao yabaki kapuni.

Iko hivi. Kaka mtu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Miaka yote anazama duarani na kutoka na vumbi, ila msimu uliopita duara likatema. Si hela ya kununua ghorofa, ila ya kuanzia maisha ipo. Akawa na wazo moja tu kichwani: avunje nyumba aliyoiacha marehemu baba yao, ajenge loji ya kisasa. Malumalu chini, madirisha ya alumini, TV kila chumba, maji ya moto. Wanunuzi wa dhahabu wakija Mbangala walale hapo.

Dada mtu anaishi Tunduma, ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Siku za wateja wachache anaperuzi simu, ndipo akakutana na klipu ya hoteli moja ya Kyoto, Japani, inaitwa Marufukuro. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1930, likawa makao makuu ya Nintendo, hao hao wa gemu za Mario, ila enzi hizo walikuwa wanatengeneza karata. Wajapani hawakulivunja. Sehemu ya zamani ikakarabatiwa, mpya ikaongezwa chini ya usimamizi wa msanifu maarufu Tadao Ando, na mwaka 2022 ikafunguliwa hoteli ya vyumba 18. Dada akaisevu hiyo klipu. Akaanza kuiona nyumba ya baba kwa jicho lingine: matofali ya kuchoma, milango ya mbao nzito, baraza pana.

Alipoolewa, fungate ikawa Zanzibar. Basi mpaka Dar, kisha boti. Akambembeleza mume wake walale usiku mmoja Emerson on Hurumzi, pale Mji Mkongwe. Hiyo nyumba ilikuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha enzi za Masultani. Mume alilalamikia ngazi kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Walipofika juu ya paa, wakakaa kwenye mito chini, mabati ya mji mzima yako miguuni, akanyamaza mwenyewe.

Ila kuna kitu kilimkaa dada. Aliambiwa jina Hurumzi linatokana na "huru mzee", kwa sababu Waingereza walilitumia jengo hilo kulipa wenye watumwa ili watumwa waachiwe. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897. Na huyo huyo Tharia Topan ndiye aliyekuwa anamkopesha Tippu Tip fedha za misafara ya bara, iliyorudi na pembe za ndovu na watu. Bara yenyewe ndiyo huku kwetu. Dada akaposti picha ya kitanda. Hiyo stori hakuiposti.

Kurudi Mbangala, mjadala ukaanzia barazani. Dada akatoa simu, akaonyesha picha zote. Kaka akacheka.

"Mchimbaji katoka duarani saa nane usiku, unampa kitanda cha historia? Yule anataka kuoga. Halafu hata jumba la Sultani lenyewe, Beit al Ajaib, si liliporomoka Desemba 25, 2020, watu wawili wakafa? Hili la baba bati limeoza, dada. Unasubiri limwangukie nani?"

Dada akajibu kwamba loji za malumalu ziko kila mahali kuanzia Tunduma mpaka Mkwajuni, hakuna anayezikumbuka akishalipa. Maneno yakapanda. Mpaka ya nani alimuuguza baba na nani alikuwa mjini yakatoka.

Muda wote huo Mama anachambua mchele. Kisha akauliza taratibu, "Wanangu, chumba changu kiko wapi kwenye hizo ramani zenu?"

Kimya.

Kaka alikuwa amepanga kumpangishia chumba Mkwajuni. Dada alikuwa amepanga kumchukua akae naye Tunduma. Hakuna aliyemuuliza. Na wote walisahau kwamba vyumba viwili vya nyuma Mama amewapangisha wachimbaji, na hiyo kodi ndiyo inamnunulia dawa za presha.

"Huyu ananitoa kwa nyundo, huyu ananitoa kwa rangi," akasema. "Kutolewa ni kutolewa."

Hapo ndipo patamu, wadau. Mji Mkongwe uliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kweli majumba mengi yameokolewa kwa kugeuzwa hoteli. Ila nyumba nyingi zilizokuwa za familia sasa ni za wageni. Ukuta umepona, aliyekuwa anaanika nguo zake pale hayupo. Hilo kwenye picha halionekani.

Mwisho wakakubaliana hivi: bati libadilishwe kwanza, kwa hela ya kaka. Mama abaki na chumba chake, na kodi iendelee kuwa yake. Loji itajengwa upande wa nyuma penye kiwanja kitupu, ianze na vyumba vitatu, hela ikiruhusu. Milango ya baba haiguswi.

Msidhani wamepatana. Kaka bado ananung'unika kwamba hela ya dhahabu imeishia kwenye paa. Dada akipiga simu, anapokelewa na Mama tu. Ila bati limeshafika, limelazwa barazani, na fundi anaanza Jumatatu.

Haya, ungekuwa wewe na hiyo hela ya duara, ungevunja au ungekarabati? Na kabla hujajibu: mama angelala wapi?