Siku Moja ya Makumbusho Unguja

Mwaka 2010, boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam ilinishusha bandarini Malindi, Unguja, saa tatu na ushei. Harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote: karafuu, dizeli, dagaa wakavu na maji ya chumvi, vyote kwa pamoja. Mahamali walisukuma magari yao ya mbao wakipaza sauti tuwapishe. Sikuwa na mwenyeji wala mwenzangu wa safari. Nilikuwa na begi mgongoni, daftari, na siku nzima ya kuzunguka penye vitu vya kale.

Nikaanzia mbali, Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Daladala ya Darajani ilikuwa kigari chenye mabenchi yanayotazamana, na abiria waliingia wakisalimia wote waliomo kana kwamba wameingia sebuleni. Nilipofika, mzee wa chumba cha kusomea aliniangalia kwa juu ya miwani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umetoka Bara? Karibu, kaa hapo penye feni.”

Aliniletea waraka wa zamani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na wadudu walikuwa wamekula pembe moja ya karatasi. Mimi herufi zile sizijui, basi mzee akanisomea, kidole kikienda kutoka kulia bila kugusa karatasi. Mwandishi alimsalimu mwenzake, akawasalimu watoto, akamsalimu kila wa nyumbani, akaomba dua, na mwisho kabisa ndipo alipouliza bei ya nguo. Mzee akacheka taratibu. “Watu wa zamani hawakuwa na haraka,” akasema, kisha akairudisha karatasi kwenye jalada lake kwa mikono miwili.

Adhuhuri nilirudi mjini. Darajani nikanunua urojo, bakuli limejaa bajia, viazi, kachori na chipsi za muhogo, juu yake mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi. Nilikula nimesimama, jasho likinitoka kwa pilipili. Baadaye nikajipenyeza kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo jua huingia kwa kuiba. Redio ilisikika dirishani, baiskeli ikapiga kengele nyuma yangu, na mahali fulani mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

Jumba la Mfalme, Beit al-Sahel, lilikuwa kimya mchana ule. Mbao za ngazi zililia kila nilipokanyaga. Chumba kimoja kimewekwa kwa ajili ya Bibi Salme, binti wa Sultan Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na baadaye akaandika kitabu cha maisha yake. Nilikaa pale muda mrefu nikitazama picha zake: sura ni ile ile, mavazi ni ya dunia mbili. Kwenye vyumba vya Sultan Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, nilikuta kitu nisichokitarajia. Katikati ya mbao nzito zilizochongwa palikuwa na kabati la Formica, la aina ile ile aliyokuwa nayo shangazi yangu Morogoro, ambamo alifungia sukari na vikombe vya wageni. Kumbe hata ikulu ilifuata fasheni ya mtaani.

Alasiri nikaingia Beit al-Ajaib. Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883, na lifti yake na taa zake za umeme ndizo zilizowafanya watu waiite nyumba ya maajabu. Nje palikaa mizinga miwili ya shaba ya Wareno; mlangoni, aya za Qurani zilichongwa kwenye mbao nene. Ndani ya ua, katikati ya nguzo za chuma, ulikuwepo mtepe, chombo cha baharini cha kale, uliotengenezwa upya kwa ufundi wa zamani. Nilichuchumaa kuutazama kwa karibu. Haukuwa na msumari hata mmoja. Ubao ulishonwa kwa ubao kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa. Niligeuka huku na huku kuhakikisha mlinzi hanioni, nikainusa ile kamba. Ilikuwa na harufu ya vumbi na ya nazi kuukuu.

Kisha nikapanda juu, nikatoka kwenye veranda. Upande mmoja Ngome Kongwe, upande mwingine bahari na majahazi. Chini, Forodhani, wachuuzi walikuwa wanapanga mishikaki na pweza, mashine ya miwa inakoroma, na vijana wanajirusha majini kutoka ukutani huku wakishangiliwa. Mlinzi akaja kuniambia wanafunga. Hakunifukuza, alisimama nami kidogo, akanionyesha jahazi moja na kuniambia linatoka Pemba.

Nyumba ile ilifungwa mwaka 2012, baada ya sehemu ya veranda kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua za masika hazichagui jengo lenye historia na lisilo nayo. Kwa hiyo ukijaliwa kufika Unguja, amka mapema, panda kila ngazi unayoruhusiwa, na mzee wa mlangoni umsalimu vizuri kabla hujamuuliza lolote. Atakuonyesha ambavyo vibao vya maelezo haviandiki.