Nafuu si kupona

Huku kandokando ya Ziwa Tanganyika kila kikohozi kina kisingizio chake. Mvuvi akikohoa, watu husema ni baridi ya usiku ziwani. Mama anayebanika migebuka akikohoa, ni moshi. Mzee ni uzee, mtoto ni vumbi la kiangazi. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya kifua kikuu hapa Ujiji kwa miaka mingi, na majibu hayo nimeyazoea kiasi kwamba sibishani nayo tena. Namuuliza mgonjwa ameanza kukohoa lini. Zikitimia wiki mbili, nampa kikopo cha makohozi.

Mwanzoni mwa Machi 2024 kikopo hicho nilimpa mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Ameniridhia niandike habari hii, mradi nisimtaje jina, wala nisimtaje tajiri wa mtumbwi anaofanyia kazi.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza hutoka na wenzake mwaloni Kibirizi, huwasha taa katikati ya maji, husubiri dagaa wapande kuufuata mwanga, kisha hurudi alfajiri. Mbalamwezi ikitoka kazi husimama, maana mwezi huishinda taa. Wakati mwingine huhamia kambi za kusini, upande wa Uvinza, na huko hulala vijana wengi katika kibanda kimoja kisicho na dirisha, mlango umefungwa kwa ajili ya mbu na upepo. Watu wanaogopa ubaridi wa ziwa, lakini mimi naogopa kibanda. Ziwani hewa inapita. Ndani ya kibanda kile, mmoja akikohoa, vimelea hubaki vikielea hewani kwa saa kadhaa, na wenzake wanavivuta usiku kucha.

Alirudi nyumbani mwishoni mwa Februari, wakati wa mbalamwezi. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Usiku fulana ililowa jasho hata mama akawa anaianika asubuhi kama iliyofuliwa. Kikohozi kilianza Januari, na alikuwa ameshanunua dawa ya maji na vidonge vya rangi mbili katika duka la dawa, akarudi akanunua tena, bila mtu kumwambia akapime. Kisha asubuhi moja akatema damu kwenye kitambaa cheupe, mama akanipigia simu nikiwa kazini.

Nilipofika alikuwa ameketi ukumbini, kitambaa amekikunja mkononi. Akaniuliza, "Dada, nakufa?"

Nimewaona ndugu wengi wakilijibu swali hilo kwa haraka: usiseme hivyo, huna kitu, ni malaria tu. Nia yao ni njema, lakini mgonjwa anabaki peke yake na hofu yake, kwa sababu anajua mwenyewe kwamba ana kitu. Nikamwambia, "Sijui una nini, mdogo wangu. Kesho tutapima, na majibu tutayapokea wote wawili." Akanyamaza, kisha akaomba chai.

Watu wengi hawafundishwi namna ya kutoa makohozi, na majibu mengi huharibika hapo. Mate hayafai. Asubuhi, kabla ya kula chochote, nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye uwazi, jua likiwa limeanza kupanda. Akasukutua kwa maji matupu. Nikamwambia avute pumzi hadi kifua kijae, aishikilie kidogo, aitoe. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akohoe kutoka chini kabisa, si kooni. Mimi nilisimama upande upepo unakotoka, barakoa usoni. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha manjano, na uzi mwembamba wa damu. Akafunga kikopo mwenyewe, akanawa mikono, akakishika kwa aibu njia nzima hadi kituoni. Nikamwambia, ili kumchangamsha, kwamba Morogoro kuna panya waliofundishwa kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu, na wamekuwa wakigundua wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Alicheka mpaka akakohoa.

Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Inaeleza mambo mawili: kama vimelea vipo, na kama vinahimili rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu. Kwangu hilo la pili ndilo lililokuwa zito. Nilishakubali moyoni kwamba ana kifua kikuu. Niliomba kisiwe sugu, maana kifua kikuu sugu kina dawa zake nyingine, uangalizi mwingine na madhara mengine. Jibu likaja: vimelea vipo, usugu hakuna.

Nilimwambia yeye kwanza, kabla ya mama. Ni ugonjwa wake.

Siku hiyohiyo tulimpa ushauri wa kupima virusi vya UKIMWI, kama tunavyofanya kwa kila mwenye kifua kikuu. Hapo ndipo alipotetemeka kweli. Mtaani watu wengi huyahesabu maradhi haya mawili kuwa moja, na kijana yuko tayari kuendelea kukohoa damu kuliko kusikia jibu la kipimo hicho. Nilitoka nje, nikamwachia mwenzangu ampime, kwa sababu kuna mambo ambayo kaka hawezi kuyasema mbele ya dada yake. Hakuwa navyo. Lakini hata angekuwa navyo, dawa zipo, na kifua kikuu hutibika kwa mwenye virusi pia. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaokufa kwa kuliogopa jibu ambalo lingewaokoa.

Nyumbani nilikuta shangazi ameshamtengea sahani, kikombe na kijiko, akavifunga kwenye mfuko na kuvitundika ukutani. Shangazi simlaumu. Mama yake alimsimulia juu ya wagonjwa wa zamani waliopelekwa mbali, hata Kibong'oto kule Kilimanjaro, hospitali iliyoanza mwaka 1926, na kwake ugonjwa huu ulikuwa ni kuondoka na kutorudi. Nikamwamkia, nikakaa mkekani karibu yake, nikamweleza: shangazi, ugonjwa huu hauambukizi kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Unapita hewani, mtu akikohoa, akipiga chafya au akiimba. Basi tukamrudishia mdogo wangu sahani yake, tukafungua dirisha la chumba ambalo lilikuwa limezibwa kwa mbao tangu mvua za masika ya mwaka uliotangulia. Kwa wiki mbili za mwanzo alilala peke yake na kujifunika mdomo anapokuwa na watu, kwa sababu dawa zikianza kazi uambukizi hupungua haraka. Mtoto wake wa miaka miwili tulimchunguza, hakuwa mgonjwa, akaanzishiwa dawa ya kinga; watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaougua vibaya zaidi. Mkewe na mama walipimwa. Wenzake wa mtumbwini nao waliitwa, na mmoja alikutwa na ugonjwa huohuo.

Dawa ni kidonge kimoja chenye dawa nne ndani yake, na idadi ya vidonge hufuata uzito. Yeye alikuwa na kilo 49, kwa hiyo vitatu kila siku, tumbo likiwa tupu, kwa miezi miwili. Baada ya hapo miezi minne ya kidonge chenye dawa mbili. Siku ya kwanza akaniita kwa hofu: mkojo umekuwa rangi ya machungwa. Nilikuwa nimeshamwambia, lakini kuambiwa na kuona ni tofauti. Ni rifampisini inayopita, haina ubaya. Viungo navyo vilimuuma, hasa vifundo vya miguu, na hilo pia linatokana na mojawapo ya zile dawa nne. Nilichomtaka aniambie usiku wowote ule ni macho kuwa ya manjano, kutapika mfululizo, au kutoona vizuri. Hayo hayasubiri tarehe ya kliniki.

Ramadhani ilianza siku chache baada ya dozi ya kwanza. Ujiji mji mzima unafunga, na kijana anayekula mchana anajiona kama amevuliwa nguo. Alitaka kufunga. Sikubishana naye mimi. Nilimwomba shekhe wa mtaa wetu afike nyumbani. Akamwambia mbele ya mama kwamba mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi katika Qur'ani, atazilipa siku zake akipona, na kwamba kumeza dawa asubuhi ile hakumpunguzii kitu mbele ya Mola wake. Baada ya hapo mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kumezea.

Katika mpango wetu mgonjwa huchagua mtu wa kumsimamia nyumbani. Alimchagua mama, si mimi, na nilifurahi. Kumsimamia mgonjwa ni kumwona akimeza, kisha kuweka alama kwenye kadi. Kumwuliza tu kama amemeza hakutoshi. Watu huona jambo hili dogo. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulipoanza mwaka 1977, daktari Karel Styblo alifanya kazi na Watanzania kulithibitisha: dawa nzuri, makohozi kupimwa, na mtu wa kuhakikisha dozi inamezwa hadi mwisho. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza dunia nzima. Mama yangu, akiwa na kadi na kalamu yake ya bluu, alikuwa akifanya kazi ambayo nchi hii iliwafundisha wengine.

Mwezi wa pili ulipokwisha makohozi yalipimwa tena, safari hii kwa hadubini, kwa sababu GeneXpert huweza kusoma hata vimelea vilivyokwisha kufa. Vimelea havikuonekana. Uzito ulipanda. Akala ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka akaongezewa. Jasho la usiku likakoma. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ugonjwa huu unapokuwa hatari kuliko siku ile ya damu.

Siku ya damu kila mtu alikuwa macho. Mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka. Mgonjwa ana nguvu, mkewe anadai ada ya shule ya mtoto wao mkubwa, tajiri anauliza atarudi lini, na vidonge vinakuwa mzigo usio na sababu. Akaniambia, "Dada, mimi si mgonjwa tena." Nikamwambia kweli, hujisikii mgonjwa. Lakini vimelea vilivyobaki ni vile vinavyojificha na kuzaliana polepole, dawa inavipata kwa muda tu. Ukiacha leo, vinarudi, na vinaweza kurudi vikiwa vimeijua dawa. Aliudhika. Siku mbili hakuongea nami. Mama aliendelea kumpa maji, naye akaendelea kumeza, akiwa amenuna.

Kilichotusaidia mwaka ule ni Serikali kusimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa familia za wavuvi ilikuwa miezi migumu, sitaki kuipamba. Tuliishi kwa mshahara wangu na kwa mama kuuza mawese. Lakini mgonjwa wetu alikuwa nyumbani, na dozi haikuruka hata siku moja. Nimewahi kuwapoteza wagonjwa wengi waliokuwa wakiendelea vizuri, kwa sababu tu walihamia kambi nyingine au walivuka kwenda upande wa Kongo, na kadi ikabaki Ujiji.

Ziwa lilipofunguliwa mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, kwa hiyo giza zuri la kuvulia lilikuja wiki ya mwisho ya Agosti. Dawa zilikuwa zimebaki za siku chache. Kumzuia nisingeweza, na sikuona sababu. Tukazifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo lenye mfuniko, na mwenzake wa mtumbwini, yule aliyekutwa naye akiumwa, akawa msimamizi wake huko, naye akawa msimamizi wa mwenzake. Walimeza kila alfajiri waliporudi nchi kavu, kabla ya uji.

Septemba makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Kwenye kadi yake tuliandika: amepona.

Kwenu matajiri wa mitumbwi, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi kambi za kusini, nina ombi. Mvuvi wako akikohoa wiki mbili, mpe siku moja ya kwenda kupima. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya Serikali. Toboeni madirisha mawili yanayotazamana katika kila kibanda cha kulala. Na mvuvi aliye kwenye dozi asifukuzwe kazi. Mwekeeni mtu wa kumwona akimeza, hadi kidonge cha mwisho.