Siyo Kahack, Ni Sheria: Kisa cha Drafti ya Jumapili pale Nyololo

Kuna ugomvi wa mapenzi, kuna ugomvi wa hela, halafu kuna ugomvi wa drafti. Wa drafti ndo mbaya zaidi, maana unabeba yote mawili: watu wanaopendana, na hela mezani.

Washikaji wawili, wote wazaliwa wa Nyololo, pale njia panda ya kwenda Mgololo. Mmoja alibaki, anaendesha bodaboda ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi. Mwingine alishuka Dar, akapata kibarua Mbagala. Utotoni walicheza ubao mmoja, kete zenyewe vizibo vya soda, huyu anavigeuza chali, yule kifudifudi. Umbali ulipowatenganisha, yule wa Dar akaleta wazo: washushe app ya drafti kwenye simu, kila Jumapili usiku wapige gemu moja, aliyeshindwa anatuma elfu mbili.

Mwanzo raha tupu. Baadaye ikawa noma.

Wa Nyololo akawa anapigwa tu. Siyo kupigwa kwa kawaida, kupigwa kwa ajabu. Anapitisha kete yake, imeshavuka kete ya mwenzake, anajua huko iko salama. Ghafla kete ya mwenzake inageuka, inamla kinyumenyume! Saa nyingine yeye mwenyewe anataka kusogeza kete ya pembeni, simu inagoma. Anagusa tena, inagoma. Kete moja tu ndo inawaka, na ikienda inakula kwa kurudi nyuma, halafu inaenda kuliwa.

Akajumlisha moja na moja. Jamaa kahack. "Anaiendesha simu yangu akiwa Mbagala," akawaambia wenzake kijiweni. Na kijiwe hakina siri. Mpaka inafika Desemba, Nyololo nzima inajua kuna mtoto wa hapo hapo amegeuka mwizi wa mtandaoni. Kwa hesabu za bodaboda, zaidi ya elfu sitini zilikuwa zimeondoka hivyo, na kuna siku tatu hesabu ya bosi haikutimia. Kwenye mkataba wa pikipiki, siku tatu siyo utani.

Wa Dar akashuka kwenye basi na begi lake, ukungu umetanda, anaita usafiri. Rafiki yake akamwangalia, akawasha pikipiki, akaondoka mtupu.

Aliyeokoa jahazi ni mzee mmoja fundi viatu, ndo refa wa kijiwe siku zote. Aliwaita wote wawili. "Kamweni wanangu. Leteni hiyo simu, na leteni ubao." Akataka gemu ya mwisho ichezwe upya kwa vizibo, hatua kwa hatua, huku binti wa mama ntilie, yuko kidato cha pili, akisoma kwenye simu. Walipofika pale kete ilipokula kinyumenyume, binti akaingia kwenye mipangilio ya app. Akasoma. Akacheka.

"Hapa mmechagua sheria za Kirusi."

Kumbe drafti siyo moja. Kwa Kirusi, ubao ni wa miraba 64, kete 12 kila upande, na kete ya kawaida inaruhusiwa kula mbele na nyuma. Kwa Kiingereza ubao ni huo huo na kete ni hizo hizo, ila kete inakula mbele tu, na hata kingi anatembea mraba mmoja mmoja. Ile ya kimataifa ina ubao wa miraba 100, kete 20 kila mtu, na ukiwa na njia mbili za kula, lazima ufuate yenye kete nyingi zaidi. Kijiwe cha Nyololo nacho kina yake: kete mbele tu, kingi anaruka popote.

Kitu kimoja kinafanana kote: kula ni lazima. Na hapo ndo penye utamu wote wa drafti. Mwenzako akikutegea kete, huna hiari, unakula. Anakupa moja, unavutwa kwenye mraba anaoutaka yeye, halafu anakufagia tatu. Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kuiendesha mikono yako bila kukugusa. Lakini siyo wizi, ndo mchezo wenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye ubao ukisahau kula, watu wanabishana. Kwenye simu app haibishani, inakufungia hatua nyingine zote. Hiyo ndo "inagoma" aliyokuwa anaiona bodaboda wetu.

Mashine inafuata ilichoambiwa tu. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao ya Chinook imeimaliza drafti ya Kiingereza: wote wawili wasipokosea hata hatua moja, gemu inaisha sare. Wangebadili sheria moja tu, kazi hiyo ingebidi ianze upya.

Kijiwe kikacheka, kesi ikaonekana imeisha. Mzee hakucheka. Akamgeukia wa Dar: "Wewe ulijua?"

Kimya.

"Nilijua tangu mwezi wa pili, mzee. Nilidhani atagundua mwenyewe."

Hapo ndo palipouma. Kuhack hakuhack. Ila aliona mwenzake anacheza gemu nyingine kabisa, akanyamaza, na kila Jumapili akapokea elfu mbili. Alitoa elfu sitini palepale. Rafiki yake akahesabu thelathini, iliyobaki akairudisha. "Nyingine nilifungwa kwa haki," akasema. Wanasalimiana. Ile gemu ya Jumapili bado haijarudi.

Mzee aliacha utaratibu unaofuatwa pale mpaka leo, na wewe unayecheza kwa hela uuchukue. Kabla ya kete ya kwanza, semeni kwa sauti: kete inakula nyuma au hailii? Kingi anaruka au anatembea? Njia zikiwa mbili, mtu anachagua au analazimishwa? Na mwenzako asipokula, mwambie kabla hujasogeza ya kwako. Ukishajibu, imepita hiyo, usirudi nyuma.

La mwisho halimo kwenye app yoyote: ukiona mwenzako haijui sheria inayommaliza, mwambie. Ukimfunga baada ya hapo, hiyo elfu mbili ni yako halali.